Mkaratusi wa Dorothea

Dorothea aliugua mafua ya kiangazi, yale yanayowapata watu wa Texas kwa sababu nje jua linawachoma na ndani ya ofisi ubaridi wa mashine unawagandisha. Alirudi kutoka kazini Richardson akitetemeka, akaegesha gari upande, akapita sebuleni ameshika ukuta, akajitupa kitandani na viatu vyake. Pole zikaanza kumiminika. Mumewe Samson alimpa pole kabla ya kwenda kwenye zamu yake ya mizigo pale uwanja wa ndege. Binti yao Abigail alimpa pole ya Kiingereza kwa simu kutoka chuoni. Kundi la WhatsApp la jumuiya yao ya Irving likajaa pole na picha za mikono inayosali, mpaka simu ikawa inatetemeka kuliko mgonjwa mwenyewe. Watu wa kwetu kwa pole hatujambo. Ukijikwaa unapewa, ukibeba mzigo unapewa, ukitoka kazini mzima kabisa unapewa vilevile.

Aliyebaki naye nyumbani alikuwa shemeji yake, Kalisti, kaka mkubwa wa Samson. Huyu alikuwa meneja wa benki kule Moshi mpaka alipostaafu, na sasa alikuwa amekuja kuwatembelea kwa miezi sita. Alikuwa mtu mwema. Hilo Dorothea hakulikana hata siku alipotamani kumtupa nje kupitia dirishani. Lakini wema wake ulikuwa wa aina ile isiyoomba ruhusa. Mwezi wake wa kwanza alikichukua kikaango cheusi cha Dorothea, kile ambamo chakula hakigandi, akakisugua kwa waya wa masufuria mpaka kikawa cheupe, kisha akakiweka mezani akangoja asifiwe. Dorothea akasema, "Asante, shemeji." Alisema asante tena alipokuta vyombo vyote vya jikoni vimepangwa upya, chumvi haionekani na vikombe viko mahali pa sahani. Ungesema nini? Ni kaka mkubwa wa mume, ni mgeni, na amevuka bahari kuja kukuona. Unameza tu.

Jioni ile mlango wa chumba uligongwa.

"Shemeji, hebu amka. Nimekuandalia nyungu."

Dorothea hakuwa amepiga nyungu tangu alipoondoka kwao Mafinga. Alijikokota mpaka jikoni, akaketi kwenye stuli, sufuria kubwa la pilau likiwa sakafuni mbele ya magoti yake. Kalisti akamfunika blanketi kuanzia kichwani mpaka chini, akamwambia afunue kifuniko taratibu asiungue. Mvuke ukampanda usoni. Kulikuwa na limau, tangawizi na mchaichai, na juu ya vyote harufu moja kali iliyozifungua pua zote mbili kwa mpigo. Akavuta pumzi mpaka chini ya mbavu. Jasho likamtoka, machozi yakamtoka, makamasi yakamtoka, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akaona kwamba kumbe ataishi. Akamkumbuka mama yake. Akamshukuru Mungu kwa kumpa shemeji wa namna hii.

"Shemeji," aliuliza kutoka ndani ya blanketi, "mkaratusi umeupata wapi hapa Irving?"

"Si hapo nje kwako!" Kalisti alijibu kwa furaha. "Una dawa mlangoni, halafu unahangaika na vidonge vya dukani."

Chini ya blanketi, Dorothea akaacha kupumua.

Alitoka vilevile alivyokuwa, analowa jasho, blanketi linamfuata nyuma kama mkia, akafungua mlango wa kioo wa uani. Juu ya meza yake ya mbao, mahali penye jua la asubuhi, mkaratusi wake ulikuwa umesimama uchi. Hakukuwa na jani hata moja. Matawi ya juu yalikuwa yamekwanyuliwa kwa mkono, gome likachunika pamoja nayo. Ya chini yalikuwa yamekatwa, na mkasi uliokatia ulikuwa umelazwa vizuri kando ya chungu. Ulikuwa mkasi wake mwenyewe wa kupogolea, ule ambao hata Samson hathubutu kufungulia pakiti ya maziwa.

Sasa inabidi mti huu uelezwe, maana kila anayesikia kisa hiki huanza kwa kuuliza ni mti gani huo wa kumfanya mtu mzima alie.

Dorothea alizaliwa Mafinga, katikati ya mikaratusi mirefu inayokatwa kuwa nguzo za umeme. Kwao mkaratusi ulikuwa nguzo, ulikuwa kuni, ulikuwa dawa ya mafua, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mti ule ni mgeni pale. Alikuja kuambiwa Houston, akiwa tayari mtu mzima mwenye mtoto, kwenye maonyesho ya bonsai, ile sanaa ya Kijapani ya kulea mti mkubwa ubaki mdogo chunguni, aliyopelekwa na rafiki yake Loice, nesi wa Kikenya anayeishi Missouri City, jirani na Houston. Bwana mmoja wa chama cha bonsai alimweleza kwa upole kwamba mkaratusi asili yake ni Australia, na kwamba miti ya Australia ni migumu kuifuga kwenye chungu. Dorothea akachukia kana kwamba katukaniwa ukoo. Wa Australia? Ule wa kwetu? Chuki hiyo ndiyo iliyomwingiza kwenye bonsai. Loice akaagiza mbegu, wakagawana, na Dorothea akaapa kwamba lile jitu la Mafinga atalikalisha ndani ya chungu kisichozidi sinia la chai.

Mti wa kwanza aliuua kwa kutii kitabu. Vitabu vile vimeandikwa kwa ajili ya miti ya Kijapani. Vinakuambia ukate mizizi baridi inapoelekea kwisha, mti ukiwa bado umelala. Mkaratusi haulali. Ukiukata mizizi kwenye baridi unashindwa kuponya vidonda, unaoza kimyakimya, na wewe unaendelea kumwagilia maiti. Akajifunza kungoja joto la kweli, mwezi wa tano, mti unapochipua kwa fujo, ndipo autoe kwenye chungu, apunguze mizizi na kuurudishia udongo wa changarawe unaopitisha maji. Akajifunza kuunyima mbolea kali, kwa sababu miti ya huko imezoea udongo maskini na ukiishibisha inaugua. Akajifunza kwamba chungu kikikauka mchana mmoja tu wa Texas, jioni huna mti. Na zaidi ya yote akajifunza kwamba ukishapunguza mizizi lazima uache majani, maana majani ndiyo yanayoilisha mizizi mipya. Kupogoa kuna siku yake nyingine. Juu na chini kwa wakati mmoja, mkaratusi hausamehe.

Huu wa pili aliulea miaka kumi na moja. Kila Jumamosi alibana vichipukizi kwa kucha, mpaka majani ambayo huko Mafinga yanalingana na kisu cha mezani yakawa madogo kama ukucha wa kidole gumba. Matawi aliyavuta kwa kamba, hakuyazungushia waya, kwa sababu gome lile laini likikwaruzwa halisahau. Mara mbili mti ulijikaushia tawi zima alilolihangaikia, bila sababu yoyote, kwa kiburi chake tu, naye akaanza upya. Wenzake wa chama walimwambia mkaratusi hauna adabu, hautakuwa bonsai kamwe. Yeye akawajibu kwamba hata yeye hakuwa na adabu alipofika Amerika.

Mwaka huu walikubali. Mkaratusi wa Dorothea ungewekwa kwenye meza ya mbele katika maonyesho ya Houston, mwezi wa tisa. Kwa ajili hiyo aliuhamishia chungu kipya cha bluu mwezi wa tano, akaondoa mizizi mingi ili uenee, akaliacha kila jani juu kwa makusudi. Majani yale ndiyo yaliyokuwa yanashikilia roho ya mti. Na majani yale ndiyo aliyokuwa ameyavuta puani, amejifunika blanketi, anamshukuru Mungu.

"Shemeji, umeukata mti wangu," alisema aliporudi jikoni.

"Nimeupunguza tu," Kalisti alisema. "Majani yataota tena. Huo ni mkaratusi, mama! Hata uuchome moto, unaota."

"Nimeukata mizizi wiki tatu tu zilizopita. Hauwezi kuota. Hauna cha kuotea."

"Utaota. Rudi kwenye mvuke kabla haujapoa."

Akasimama pale na mwiko mkononi, uso umejaa matumaini, kama siku ile ya kikaango. Alikuwa anangoja asante. Na jambo lililomuudhi Dorothea kuliko yote ni kwamba pua yake ilikuwa wazi kabisa. Hasira yote aliyokuwa nayo alikuwa akiipumua kwa msaada wa majani yaleyale. Safari hii asante haikutoka. Akazima jiko, akaenda kulala.

Asubuhi homa ilikuwa imeshuka, jambo ambalo halikumsaidia hata kidogo. Samson alirudi kutoka zamu, akasikiliza upande wa kaka yake kwanza, kisha akaja chumbani akajikalisha ukingoni mwa kitanda.

"Mama Abi, sasa ulitaka kaka akuache uteseke kwa sababu ya ua?"

"Si ua."

"Haya, kimti. Nilitaka hata ku-call off kazi jana, nisiende, kwa jinsi ulivyokuwa. Mtu mzima kaingia jikoni kukuchemshia dawa. Wewe unaona kipi bora, afya yako au kimti?"

Swali hilo ndilo lililomchoma. Nani alimwambia achague? Duka la dawa liko pale kona. Limau lilikuwepo, tangawizi ilikuwepo, mchaichai ulikuwepo wa kutosha jumuiya nzima. Kilichokuwa kinatakiwa ni kugonga mlango na kuuliza: shemeji, huu naweza kuchuma? Kazi ya kusema maneno manne. Lakini wao wamekwisha kumweka kwenye mizani, yeye upande huu, mti upande ule, na akilalamika anaonekana mwendawazimu asiyejithamini. Na zaidi ya hapo, alimwona mumewe akitoka chumbani na hakuna aliyekuwa amesema lile neno dogo. Kwa mafua alipewa pole na watu asiowajua hata sura. Kwa miaka kumi na moja hakupewa hata moja.

Jumapili jumuiya ilikutana nyumbani kwao. Baada ya sala Kalisti akasimama kutoa ushuhuda. Alieleza jinsi alivyomkuta shemeji yake hajiwezi, jinsi alivyotafuta tafuta, jinsi Mungu alivyomwonyesha mkaratusi mdogo umewekwa kwenye bakuli. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Dada mmoja aitwaye Celestine, jirani yao wa mtaa wa pili, akamgeukia Dorothea kwa matumaini makubwa.

"Dada, umebakiza hata kijitawi? Mume wangu anakohoa wiki ya pili, na zile syrup tume-try zote."

"Nimebakiza kisiki," Dorothea alisema, "na ole wake atakayekigusa."

Wakacheka zaidi. Walidhani anatania. Kalisti akacheka kuliko wote, akampigapiga begani kwa upendo.

Mtu pekee ambaye hakucheka alikuwa Loice, kwa simu, siku ileile.

"Wacha! Ati yote?" alisema. "Mizizi ulikuwa umekata lini?"

"Mwezi wa tano."

"Aki pole, Dorothea. Pole sana. Sasa itoe kwa jua, uifunike na karatasi ya nailoni isikauke, maji kidogo kidogo. Na usi-fertilize, tafadhali. Ikikataa, imekataa."

Pole ya Loice ilikuwa tamu, lakini Loice siye aliyeshika mkasi.

Alifanya yote aliyoambiwa. Aliupeleka mti kivulini, akaufunika kwa nailoni, akaufunua asubuhi na jioni kuupa hewa. Kalisti alikuwa akipita na kikombe chake cha chai, anainama, anauliza, "Mgonjwa wetu anaendeleaje leo?" Aliuliza kwa utani, bila ubaya wowote, na kila alipouliza Dorothea alisaga meno. Halafu gome la matawi likaanza kujikunja. Dorothea alikwaruza tawi la juu kwa ukucha, chini yake pakawa kahawia, hapakuwa na kijani. Kesho yake akakwaruza la katikati. Mwishowe akakwaruza shina lenyewe, akishuka kidogo kidogo mpaka kwenye udongo, na kote kulikuwa kahawia. Akaketi kwenye ngazi ya uani. Kisha akapiga simu Houston, akawaambia nafasi yake kwenye meza ya mbele wampe mtu mwingine, sauti ikamkatikia katikati ya sentensi.

Kalisti alikuwa jikoni, dirisha wazi. Alisikia kila neno. Alikunywa chai yake mpaka mwisho, akaosha kikombe, akaenda kumwamsha Samson.

Jumamosi waliondoka wawili hao asubuhi wakarudi mchana, gari limefungwa mlango wa nyuma kwa kamba. Walishusha ndoo kubwa ya plastiki, na ndani yake mkaratusi wa dukani, umenyooka, mnene, majani yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Ulimzidi Kalisti kimo. Wakaukokota mpaka uani, wakausimamisha kando ya meza ya mbao ambako marehemu bado alikuwa kwenye chungu chake cha bluu.

"Tume-drive mpaka Fort Worth, Mama Abi," Samson alisema, anahema. "Kaka alikataa yote mpaka akaupata huu."

"Tazama, shemeji," Kalisti alisema, akilizungusha lile jitu ili lionekane pande zote. "Huu ndio mti. Mti mzima! Ule wako ulikuwa umedumaa, ulikuwa unanipa hata huruma. Nimechagua mwenyewe, nikayakinga majani njia nzima yasichafuke. Hapa una dawa ya miaka ishirini."

Na tena ule uso. Tena anangoja.

Dorothea aliuzunguka mti. Hakuna la kuficha, shina lake lilikuwa zuri, limetanuka chini kama inavyotakiwa, na palikuwa na joto la kweli, siku nzuri ya kazi. Mtu anayetaka kuanza bonsai kutoka kwa mti wa dukani anajua hatua ya kwanza, na haina huruma. Akaingia kwenye kibanda cha vifaa, akatoka na msumeno.

"Nishikie hapo juu, shemeji," alisema. "Kwa nguvu, usiyumbe."

Kalisti alishika kwa mikono miwili, anatabasamu. Pengine alidhani kuna kamba ya kufunga. Dorothea akapiga goti, akaweka msumeno kwenye shina, usawa wa goti la mtu mzima, akaanza kukata.

"We! Wee, shemeji! Unafanya nini?"

Dorothea akaendelea kukata. Harufu ikajaa uani, ileile ya blanketini.

"Samson, mzuie mkeo! Mti wangu huo! Nimetoka kuununua sasa hivi! Nimeuchagua kwenye jua saa nzima!" Sauti ya Kalisti ilipanda mpaka mbwa wa jirani akabweka. "Hata kuniuliza hukuniuliza!"

Shina likakatika. Kalisti akabaki amekumbatia mti usio na mizizi, majani yamemfunika uso. Dorothea akasimama, akapangusa magoti.

"Majani yataota tena, shemeji," alisema.

Ndege ilipita juu ikielekea kutua, na Samson akaiangalia kwa makini makubwa, kana kwamba hajawahi kuona ndege. Kalisti aliyaondoa majani usoni, akakiangalia kile kisiki, akaziangalia fito kavu kwenye chungu cha bluu, akarudi kukiangalia kisiki. Kwa muda Dorothea aliogopa kwamba amevuka mpaka, kwamba simu zitapigwa Moshi, ukoo utakaa kikao. Hakujuta.

"Ule uliulea muda gani?" Kalisti aliuliza mwishowe.

"Miaka kumi na moja."

"Na huu, kufika pale ule ulipokuwa?"

"Utakapofika pale, mimi nitakuwa nimestaafu kama wewe."

Kalisti akakilaza kile kilele cha mti kwenye nyasi, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia. Akapangusa viganja kwenye suruali.

"Pole, shemeji," alisema. "Pole sana."

Kuna jibu la neno hilo, na kila mtu analijua. Unasema asante, nimeshapoa, hata kama mguu unavuja damu. Dorothea alilitafuta jibu hilo mdomoni, hakulipata.

"Bado sijapoa," alisema. Akampa msumeno. "Hebu nisafishie huu."

Kalisti aliupokea, akapiga hatua mbili kuelekea jikoni, kisha akasimama. Akageuka.

"Nitumie kitambaa gani?" aliuliza.